Sista Hilaria Mwingira, Aliyechoka Kusikia "Ni Utani Tu"

Tarehe 30 Juni 2025, Sista Hilaria Mwingira, Muuguzi wa Afya ya Akili wa Kituo cha Afya Kwemvumo, Handeni, alistaafu kwa mujibu wa sheria baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi. Sheria imefanikiwa pale ambapo waganga wafawidhi sita na amri mbili za uhamisho walishindwa: imemtoa kituoni.

Mhariri wa jarida letu la watumishi ameomba wasifu mfupi na wa kufurahisha. Wa kufurahisha tutajaribu. Kuhusu ufupi atuwie radhi, maana huyu mama hata ukimwambia habari za asubuhi anakuuliza umemaanisha nini.

Tunamwita Sista kwa ajili ya kazi, si utawa; ana watoto watatu na wajukuu ambao idadi yao inaongezeka kila tukiuliza. Alizaliwa mwaka 1965 katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge nje kidogo ya Korogwe. Babu yake aliletwa kutoka Songea kukata mkonge. Watu wa aina yake waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba, na asubuhi iliitwa namba, halikuitwa jina. Baadaye mkonge ulianguka bei, kambi zikafungwa, namba zikafutwa. Neno likabaki. Hilaria alilisikia shuleni mpaka darasa la saba.

Yeye mwenyewe hapendi habari hiyo iingizwe kwenye hotuba. Mgeni mmoja kutoka mkoani aliwahi kumwambia kwamba bila shaka maisha ya kambini ndiyo yaliyompa moyo wa kuwahudumia wanyonge. Sista alimjibu, "Hapana. Kuhudumia ndiyo kazi niliyoajiriwa. Kambi ilinipa hasira tu." Mgeni alicheka, akidhani ameambiwa jambo la kuchekesha.

Baada ya mafunzo ya uuguzi na ya afya ya akili alifanya mazoezi ya kazi milimani, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi. Anasema huko alijifunza mambo mawili: kunyamaza mgonjwa anapoongea, na kutosahau sweta. La kwanza amelifuata kwa wagonjwa. Kwa mabosi wake hajawahi.

Alipangiwa Kwemvumo mwaka 1991, na miaka michache baadaye walianza kufika watu ambao wangechukua sehemu kubwa ya utumishi wake. Kwa wasomaji wapya, na kwa wale wa zamani ambao wameelezwa mara kumi na bado, tunaeleza tena. Mababu wa watu hawa waliondoka katika nchi hii ya Uzigua karne ya kumi na tisa, wengine wakifukuzwa na njaa, wengine wakiuzwa, wakaishia kando ya Mto Juba, Somalia. Wakalima huko kwa vizazi, wakazaa, wakazika, wakatunza Kizigua chao. Na kwa vizazi vyote hivyo waliitwa watumwa. Walitambuliwa kwa nywele. Kulikuwa na neno maalumu la huko, lenye maana ya watu wa nywele ngumu, ambalo lilimfuata mtu sokoni, msikitini na shuleni. Sista alitukataza kulitamka bure, kwa hiyo hata hapa hatuliandiki. Vita ilipokuja wakauawa na kuporwa kuliko wengi, kwa kuwa hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwatetea. Waliookoka wakakimbia, na baadhi wakarudi Handeni, ambako bibi zao walikuwa wakiwaambia ndiko kwao. Serikali ikawapa ardhi, baadaye uraia.

Na sisi wengine tukawapokea kwa kuwaita Wasomali.

Kule mtu anateswa kwa kuwa si Msomali kamili. Anavuka bahari na nchi mbili, anafika kwao, anaitwa Msomali. Sista Hilaria alikuwa akisema hiki kingekuwa kichekesho kizuri sana kama kisingekuwa kinawapandisha presha mama za watu. Kila mara sauti ya mapokezi iliposema "Msomali anayefuata!", mlango wa chumba chake ulifunguka. "Hakuna Msomali hapo. Rudia." Mapokezi wakarudia. Kesho yake wakasahau, mlango ukafunguka tena. Mambo hayo yaliendelea miaka. Mwandishi wa wasifu huu yuko maabara, ukuta mmoja na mapokezi, na anaweza kuthibitisha kwamba ule mlango umebadilishwa bawaba.

Kilichomchosha zaidi si matusi. Ni ugonjwa uliojificha ndani ya tabia ambazo sisi tulizisifu. Mzee Kibwana, mkulima wa Misima, kila alipokutana njiani na mtu aliyevaa vizuri alitoka kwenye njia na kusimama pembeni, hata kama pembeni ni tope, mpaka mtu yule apite. Watu walisema, mzee yule ana adabu. Hajira, mama wa watoto wanne, alimnyoa binti yake kipara kila Ijumaa, nywele zisipate hata nafasi ya kuchomoza. Walimu walimsifu kwa usafi. Mumewe Hajira, Twaha, hakuongea. Alilima, akauza mahindi, akarudi nyumbani, akakaa. Watu walisema, huyo ndiye mwanamume, hana maneno.

"Adabu gani ya kusimama kwenye tope?" Sista alituuliza siku moja kwenye chai, kana kwamba ni sisi tuliomsimamisha. "Mnaona woga mnauita heshima. Mnaona kiwewe mnakipigia makofi."

Tulikunywa chai yetu. Alikuwa sahihi, lakini kuna asubuhi ambazo mtu anataka tu kunywa chai.

Sasa habari ya Twaha. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuiandike. Alisomewa sehemu hii kabla haijaenda kwa mhariri, akatutaka tubadilishe sentensi moja, tukaibadilisha.

Mwaka 2016 mdogo wake Twaha alikuwa anaolewa. Hajira, ambaye siku zote ndiye aliyemnyoa mumewe, alikuwa Korogwe akimuuguza mama yake. Twaha hakutaka kwenda harusini na nywele zimejaa, kwa hiyo akaingia saluni ya Yordani sokoni Kwemvumo. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kukaa kwenye kiti cha kinyozi.

Yordani ni Msambaa, kijana mchangamfu, mdomo wake haupumziki. Aliingiza vidole kwenye nywele za Twaha, akazivutavuta, akawageukia waliokuwa wakisubiri. "Jamani, hii siyo kipilipili, huu ni waya wa chuma! Leo mashine yangu inazikwa." Watu wakacheka. Ni maneno ambayo nusu ya wasomaji wa jarida hili wameshaambiwa, na nusu nyingine wameshayasema.

Twaha aliinuka. Kioo kikavunjika, kiti kikavunjika, mkono wa Yordani ukachanika vibaya. Halafu yule mtu aliyekuwa akivunja akajikunja chini ya meza, akafunika kichwa kwa mikono miwili, akawa anasema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mgambo walipokuja hakumtambua hata mmoja wao, ingawa wawili walikuwa majirani zake wa shamba. Wakamfunga kamba, wakamleta kituoni, na nyuma yake watu wakifuata na kusema, "Msomali amerukwa na akili."

Mganga mfawidhi wetu wakati huo alikuwa Dokta Abraham, mtu mwema sana mwenye haraka sana. Alimtazama kutoka mlangoni, akaagiza sindano ya usingizi na rufaa, na neno aliloliandika kwenye cheti lilikuwa kichaa.

"Nani amemuuliza kilichotokea?" Sista akasema.

"Sista, hali yake si unaiona?"

"Nimeiona. Nauliza nani amemuuliza."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Sista aliwatoa watu wote chumbani, Dokta akiwemo. Mgambo walikataa kufungua kamba, wakasema ni hatari, basi akazikata kwa mkasi wa bandeji. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja na goti bovu. Alikaa sakafuni karibu na Twaha bila kumgusa, na bila kumwambia atulie, mpaka Hajira aliposhuka kwenye basi la jioni kutoka Korogwe. Hajira alipoingia aliuliza swali moja tu: "Nani amemshika kichwa?"

Ndipo ikajulikana. Haikujulikana siku hiyo yote, ilichukua majuma. Twaha alipokuwa mtoto, wakati wa kukimbia, watu wenye silaha walisimamisha msafara wao kwenye kivuko cha mto. Hawakuuliza majina. Walipita kwenye mstari wakiingiza vidole kwenye nywele za watu. Wenye nywele laini waliambiwa wapite, wenye nywele ngumu wakawekwa upande. Mama yake alikuwa amemfunga Twaha mtandio kama msichana. Yule mtu akaufungua, akaingiza vidole, akavuta, akacheka, akasema lile neno. Kisha akamsukuma kwa mama yake kwa kuwa alikuwa mdogo. Kaka yake, aliyekuwa mkubwa kidogo, aliwekwa upande. Hakurudi. Toka siku hiyo hakuna mkono uliogusa kichwa cha Twaha isipokuwa wa mama yake, na baadaye wa Hajira.

Dokta Abraham, aliposimuliwa, alichukua kile cheti na kukichana mwenyewe. Tunamsifu kwa hilo. Lakini kijiji kilikuwa hakijamaliza. Wapo waliotaka Twaha aondolewe, apelekwe mbali, wakisema mtu wa namna hiyo atakuja kuua. Kikaitishwa kikao, na Sista akaenda bila kualikwa, kama kawaida yake.

Yordani alikaa mbele na mkono wake umefungwa bandeji. Alikuwa na huzuni ya kweli. "Sista, Mungu shahidi, ulikuwa utani tu. Sisi Wasambaa na Wazigua ni watani, kila mtu anajua."

"Utani una pande mbili, Yordani," Sista akasema. "Unamtania mtu, anakurudishia, mnacheka wote. Huyu ulimpa zamu yake lini?"

"Mimi sikujua habari za mto."

"Hukujua. Silaumu kutojua. Lakini sasa unajua, na kuanzia leo huwezi tena kuniambia hukujua."

Mwenyekiti wa kikao, mzee mwenye busara zake za kawaida, akaingilia. "Mama, hayo ni ya zamani. Yamepita. Mtu amepewa shamba, amepewa uraia. Anataka nini tena? Asahau."

"Mwenyekiti, mguu wako ulivunjika mwaka gani?"

"Elfu mbili na moja."

"Mvua ikikaribia?"

"Unauma."

"Na mguu huo nao ni raia," Sista akasema. "Uambie usahau."

Kikao kilicheka, na safari hii Twaha naye, aliyekuwa amekaa nyuma na Hajira, alitabasamu. Ndiyo sentensi aliyotutaka tuibadilishe, kwani mwanzo tuliandika kwamba alicheka. Alilipa kioo. Yordani akamsamehe kiti. Twaha hakuhamishwa, yuko Misima hadi leo. Hajawahi kukaa tena kwenye kiti cha kinyozi, na hatuoni kwa nini alazimike. Ila wakipishana sokoni Yordani humwamkia kwanza, na wateja wa saluni ile watakwambia kwamba siku hizi mwenye saluni huuliza, "Nikushike kichwa?", kabla hajashika. Wageni humwona ana wazimu kidogo.

Kutokana na mkasa huo Sista alianzisha mazungumzo ya Alhamisi. Watu wanakaa, wanaongea Kizigua na Kiswahili, wanaolia wanalia, wanaotaka kunyamaza wananyamaza. Hakuna dawa inayogawiwa isipokuwa kwa mwenye kuihitaji. Aliomba chumba. Akaambiwa asubiri bajeti. Akaomba tena. Kwa muda wote huo Alhamisi ilifanyika ndani ya stoo, katikati ya mifuko ya saruji ya ukuta ambao nao haukujengwa. Mwaka wa tano wa kuomba, gari la wilaya lilikuja, likashusha boksi, sote tukatoka nje kushangilia. Ilikuwa saa ya ukutani. Sista aliishika, akaitazama, akauliza, "Ukuta wake unakuja na gari gani?"

Halafu kuna wataalamu waliokuja kutufundisha. Mmoja, katika semina ya siku mbili yenye soda nyingi, aliona neno ubaguzi kwenye taarifa ya Sista akalikosoa mbele ya watu. "Ubaguzi wa rangi ni mambo ya makaburu," alisema. "Hapa sote ni weusi, tutabaguana kwa lipi?"

"Basi hilo duka la vipodozi hapo nje," Sista akasema, "krimu zote zile za kung'arisha ngozi ananunua nani? Makaburu?"

Mtaalamu akasema tuendelee na mada inayofuata. Mara zote waliendelea na mada inayofuata. Ndicho kilichomchosha mama huyu, na kwa kuwa tulikaa naye, kikatuchosha na sisi: kueleza jambo lile lile kwa mtu mpya kila mwaka, mtu aliyesoma, mwenye nia njema na kalamu nzuri, ambaye atatikisa kichwa, atashukuru, atahamishwa, na nafasi yake itachukuliwa na mwingine atakayeanza na neno makaburu.

Hakuponya watu wote, na asingependa tuseme hivyo. Maryamu, binti wa miaka ishirini aliyesugua uso kwa krimu mpaka ukatoka vidonda, alikuja Alhamisi mbili akaacha. Alienda Dar es Salaam. Sista alimpigia simu kwa miaka mitatu, na kwa miaka hiyo yote ilipokelewa mara moja. Mzee Kibwana bado anatoka njiani, ingawa sasa anachagua upande mkavu na anasema hayo ni maendeleo. Binti yake Hajira ana nywele. Amesuka mabutu, yamekaa upande, na mama yake anayashika kila anapopita kama anayehakikisha kwamba yapo.

Wala tusijifanye Sista alikuwa mtu rahisi. Alichukua birika la ofisi akalifanya la Alhamisi. Alituma pikipiki ya kituo Kwedizinga kumfuata mgonjwa aliyekosa kliniki, siku ambayo pikipiki ilikuwa na safari ya mganga mfawidhi. Alikemea madereva, wauguzi, wanasiasa na mbuzi kwa sauti moja. Kuna siku alimwambia mwandishi wa wasifu huu kwamba anacheka kwa wasiwasi, akamtaka aje Alhamisi. Mwandishi alikwenda kwa hasira ili kumthibitishia kwamba hana tatizo lolote. Anaendelea kwenda.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika kwenye uwanja wa kituo. Pilau ilikuwa nzuri ilipokuwa ya moto. Mgeni rasmi, kijana mwenye adabu aliyehamia wilayani mwezi uliotangulia, alisoma hotuba nzuri yenye takwimu, kisha akainua macho kutoka kwenye karatasi na kuongeza lake la moyoni: "Na niwashukuru sana ndugu zetu Wasomali, ambao wamejitokeza kwa wingi."

Watumishi wote tulifumba macho. Ernesti, dereva wetu aliyekuwa mshereheshaji, alikimbilia kuwasha muziki, lakini Sista alikuwa ameshashika kipaza sauti.

"Mwanangu," alisema, "nimekaa hapa miaka thelathini na nne nikisema jambo moja. Leo ni siku yangu ya mwisho. Nimechoka. Leo sisemi."

Akakaa. Kweli akakaa. Hatukuwahi kumwona akiacha neno hewani, na hatukujua tufanye nini. Mgeni rasmi alitutazama sisi, sisi tukatazama pilau.

Aliyesimama alikuwa Twaha, mtu ambaye wengi pale uwanjani hawakuwahi kuijua sauti yake. Hakwenda kwenye kipaza sauti. Alisema hapo hapo alipokuwa.

"Mheshimiwa, pole na kazi. Mimi naitwa Twaha. Mimi ni Mzigua. Kule tulikokuwa walitutesa kwa sababu hatukuwa wao. Huku tukiitwa wao, mwili unarudi kule. Sikukasirikii. Nakwambia tu ili ujue, maana mama amechoka."

Mgeni rasmi alishuka jukwaani. Alikwenda mpaka alipokuwa Twaha, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha nusu, kama mtu aliyekumbuka kwamba inabidi kuuliza kwanza. Twaha akaupokea. Kijana akasema, "Nisamehe, mzee. Sikuelezwa." Na Sista Hilaria, pale kwenye kiti chake cha heshima chenye vitambaa, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Hawaelezwi! Si nimesema?" Kisha akainamisha uso kwenye kanga aliyozawadiwa na akalia muda mrefu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Muuguzi mwingine wa afya ya akili bado hajaletwa. Tumeandika, tumeambiwa tusubiri. Alhamisi iliyofuata watu walikuja hivyo hivyo, wakasogeza mifuko ya saruji, wakakaa. Twaha ndiye aliyefungua mazungumzo. Hayakuwa marefu, ila yalifunguliwa.

Sista Hilaria, umetuchosha, na kwa hilo tunakushukuru kuliko tunavyoweza kuandika kwenye jarida hili. Umewafanya watu walale usingizi waliokuwa hawajaupata toka utotoni. Nenda Korogwe salama, kwenye nyumba yako uliyoijenga kwa kusuasua na shamba lako la michungwa. Goti lipone, mvua zinyeshe kwa wakati, na wajukuu wakuchoshe kuliko tulivyokuchosha sisi.

Loveness Shemhilu
Maabara, kwa niaba ya watumishi wa Kituo cha Afya Kwemvumo